Kabla Hujalipia CT Scan Ilhali Huumwi

Mtu akifa kwa saratani iliyogundulika imeshasambaa, matanga hayaishi kabla neno moja halijapita baina ya ndugu: na sisi tukapime. Tukapime mwili mzima, tujue moja. Siku hizi pa kupimia papo. Mashine za CT, ambazo zamani zilikuwa za miji mikubwa tu, sasa zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania na baadhi ya hospitali za kaunti nchini Kenya, na vituo binafsi vinauza vifurushi vya uchunguzi ambavyo ndani yake mna CT. Anayempeleka mgonjwa India huonyeshwa kifurushi kama hicho kwa ajili yake mwenyewe, na watoto walioko ughaibuni huwalipia wazazi wao wakiamini wamewapa zawadi iliyo bora kuliko zote.

Nia hiyo ni njema. Lakini CT kwa mtu asiye na dalili ni kipimo chenye faida iliyothibitishwa kwa watu wachache, na tunajua ni akina nani. Kwa waliobaki, uwezekano wa kuwaletea mahangaiko ni mkubwa kuliko uwezekano wa kuwaokoa. Nakuandikia ili ujue uko upande upi kabla hujafika dirisha la malipo.

Una dalili au huna?

Yote yanayofuata yanamhusu mtu anayejisikia mzima. Ikiwa unakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, umekohoa damu, unapungua uzito bila sababu, chakula kinakwama kooni, unaona damu kwenye choo au mkojo, umegusa uvimbe kwenye titi, kifua kinabana ukipanda ngazi, au umeanza kuumwa kichwa kikali ambacho hujawahi kukijua, wewe si mtu wa uchunguzi wa kinga. Wewe ni mgonjwa anayetafuta jibu. Nenda hospitali wiki hii, na daktari akikuandikia CT, ifanye. Hesabu ya faida na madhara kwako ni nyingine kabisa.

Nalisisitiza hili kwa sababu mambo hayo mawili huchanganywa na pande zote mbili. Yuko mwenye kikohozi cha miezi mitatu anayekwepa CT kwa kuogopa mionzi, na yuko mzima asiye na lolote anayeipiga kila mwaka. Wote wawili wanajidhuru.

Kupata picha ni jambo moja, kupata faida ni jingine

CT ni eksirei inayokuzunguka huku kompyuta ikikusanya vivuli kutoka kila pembe na kuvigeuza kuwa picha za mwili uliokatwa vipande vyembamba. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo katika hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Hesabu za jambo hilo alikuwa ameshaanza kuzifikiria miaka ya 1950 mwanafizikia Allan Cormack, alipofanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Mashine yao ilikusudiwa mtu ambaye daktari ameshashuku kitu ndani ya kichwa chake. Kumtazama mtu asiyeumwa kulikuja baadaye sana.

Kwa watu wasioumwa kuna masharti ya peke yake. Yaliandikwa na J. M. G. Wilson na G. Jungner katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, na hadi leo ndiyo yanayofuatwa. Ukiyasoma utaona yanajali kinachofuata baada ya kipimo kuliko ukali wa kipimo chenyewe. Ugonjwa huu una hatua ya mwanzo inayoweza kuonekana? Ukionekana hapo, ipo tiba inayobadilisha mwisho wake? Aliyepimwa ataipata tiba hiyo? Gharama inalingana na kinachopatikana? Hayo maswali manne yachukue uende nayo kituoni.

Kwa nini tusiridhike na ushuhuda wa jirani aliyegundulika mapema na bado yu hai? Chukua mtu ambaye saratani yake itamwua akiwa na miaka 66, itibiwe isitibiwe. Akisubiri dalili, ataambiwa akiwa na miaka 64, nasi tutasema aliishi miaka miwili baada ya kugundulika. Akipimwa mapema ataambiwa akiwa na miaka 60, nasi tutasema aliishi miaka sita. Takwimu imepanda mara tatu, naye hajaongezewa hata siku moja. Alichoongezewa ni miaka minne ya kujua. Kwa hiyo ushahidi wa kuaminika hupatikana kwa njia moja: watu hugawanywa kwa kura, kundi moja lipimwe kwa njia mpya na jingine lisipimwe hivyo, kisha vifo huhesabiwa.

Korea Kusini ilionyesha nini hutokea hesabu hiyo isipofanywa kwanza. Kupima tezi ya shingo kwa ultrasaundi kulienea huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 2011 kiwango cha waliogundulika na saratani ya tezi hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Vifo vilibaki palepale. Watu wengi walitolewa tezi nzima na sasa wanakunywa vidonge vya homoni maisha yao yote, kwa ajili ya vivimbe ambavyo kwa wengi wao visingewafanya lolote.

Mapafu: hapa CT imejithibitisha

Kuanzia 2002, Marekani iliandikisha watu zaidi ya 53,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliokuwa wamevuta sana sigara. Kundi moja lilipigwa CT ya dozi ndogo mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu, jingine eksirei ya kawaida ya kifua. Majibu yalitangazwa 2011: vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 katika kundi la CT. Mwaka 2020 utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uitwao NELSON ulileta jibu la aina hiyohiyo, asilimia 24 kwa wanaume waliofuatiliwa kwa miaka 10.

Ukihesabu vichwa badala ya asilimia, katika utafiti wa Marekani ilibidi kupima watu wapatao 320 ili kuzuia kifo kimoja. Na katika waliopigwa CT mara tatu, karibu 4 kati ya kila 10 waliambiwa angalau mara moja kwamba kuna kitu cha kutilia shaka. Katika majibu hayo ya shaka, zaidi ya 96 kati ya kila 100 hayakuwa saratani. Bado hiyo ni faida ya kweli, na mvutaji wa miaka mingi nitamshauri aichukue bila kusita. Ila ilipatikana kwa watu wenye hatari kubwa. Kwa asiyewahi kuvuta, uwezekano wa kukuta saratani hushuka sana, huku shaka za bure zikibaki nyingi vilevile.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unapendekeza CT ya dozi ndogo kila mwaka kwa mwenye umri wa miaka 50 hadi 80 ambaye amefikisha "miaka ya pakiti" 20 na bado anavuta, au ameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, maana kwetu wengi hununua sigara mojamoja dukani na hawajui wamefikisha pakiti ngapi. Chukua idadi ya sigara unazovuta kwa siku, gawanya kwa 20, kisha zidisha kwa miaka uliyovuta. Sigara 10 kwa siku kwa miaka 30 ni miaka ya pakiti 15, hujafika. Sigara 15 kwa siku kwa miaka 28 ni 21, umefika. Kama ulivuta kidogo ujanani na nyingi baadaye, hesabu kila kipindi peke yake ujumlishe.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo tafiti hizo hazikuyapima. La kwanza ni moshi wa jikoni. Mama aliyepikia kuni na mkaa miaka 40 katika jiko lisilo na dirisha ana mapafu yaliyoumia, na wataalamu wa saratani wa kimataifa huuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Lakini hakuna utafiti mkubwa wa kura ulioonyesha kwamba kumpiga CT mama huyo kila mwaka kutamwongezea maisha. Fedha hiyo itamsaidia zaidi ikinunua jiko la gesi, na kikohozi chake kisipuuzwe kikizidi wiki mbili.

La pili ni kifua kikuu, nami nadhani ndilo zito zaidi. Tanzania na Kenya zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. TB iliyopona, hata ile ambayo mtu hakujua kama aliwahi kuwa nayo, huacha makovu na vinundu ambavyo kwenye CT vinaweza kufanana sana na saratani changa. Shaka za bure zilizohesabiwa Marekani na Ulaya zitegemee kuwa nyingi zaidi Mwanza au Kisumu. Kwa hiyo ukienda kupima, mweleze anayesoma picha kama uliwahi kutibiwa TB, mwaka gani, na uliishi na nani aliyekuwa nayo. Kama una eksirei ya zamani, ibebe. Maelezo hayo yanaweza kukuepusha na sindano ya kuchukua kinyama kwenye pafu, ambayo mara nyingine hulitoboa pafu likasinyaa.

Na kama bado unavuta, CT bila kuacha sigara ni kazi nusu. Hatari ya saratani ya mapafu hushuka takriban kwa nusu miaka 10 hadi 15 baada ya kuacha, na kuacha hulinda pia moyo na ubongo, jambo ambalo picha ya mapafu haiwezi kulifanya.

Moyo: alama ya kalsiamu

Aina ya pili ya CT yenye maana kwa asiyeumwa ni ile inayohesabu kalsiamu iliyoganda kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo. Mbinu yake ya kuhesabu ilitangazwa mwaka 1990 na Arthur Agatston na wenzake, na jibu lake ni namba: 0, au 40, au 380. Picha yenyewe ni ya dakika chache, haihitaji sindano ya kontrasti, na mionzi yake ni takriban milisivati 1.

Namba hiyo ina kazi moja, kusaidia kuamua kama uanze dawa za kupunguza lehemu, yaani statini, pale wewe na daktari mnapokuwa njia panda. Mtu wa miaka 40 hadi 75 mwenye lehemu ya juu kiasi, presha ya mpakani na baba aliyekufa kwa moyo, ndiye anayefaidika nayo. Akipata 0, mara nyingi dawa inaweza kusubiri, isipokuwa kama anavuta sigara au ana kisukari. Akipata 100 au zaidi, hoja ya kuanza dawa inakuwa na nguvu. Kati ya hapo mazungumzo yanaendelea, na umri wa kuanzia miaka 55 huegemeza upande wa dawa.

Kama tayari una kisukari na umri umeshapita miaka 40, au ulishapata kiharusi au mshtuko wa moyo, dawa unastahili bila picha. Kama una miaka 28 na huna tatizo lolote, namba itakuwa 0 karibu kwa hakika na haitakuambia kitu. Na kama kifua kinakubana, kipimo hiki si chako: alama 0 haiondoi uwezekano wa utando laini ambao haujaingia kalsiamu na ambao unaweza kupasuka. Nenda kwa daktari wa moyo.

Tahadhari nyingine ni kwamba viwango vya kulinganishia namba hizi vimetoka kwa sehemu kubwa katika utafiti wa Marekani ulioanza mwaka 2000, wenye watu 6,814, Wamarekani Weusi wakiwemo lakini si sisi tunaoishi huku. Humo Wazungu walikuwa na kalsiamu nyingi kuliko Weusi. Ukiambiwa uko katika asilimia fulani ya watu wa umri wako, uliza ni watu wa wapi.

Kabla ya yote hayo, pima presha. Shinikizo la damu ndilo linalopeleka watu wengi wodini kwa kiharusi na moyo kushindwa, halioneshi dalili, na mashine yake ya mkononi inakaa hata kwenye duka la dawa.

Magonjwa ambayo CT si chombo chake

Hapa ndipo kifurushi cha mwili mzima kinapowadanganya wengi. Saratani zinazowaua zaidi wanawake wa Afrika Mashariki ni ya mlango wa kizazi na ya titi, na CT haifai kuzitafuta zikiwa changa. Mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi hayaonekani kabisa kwenye CT. Huonekana kwa kupaka siki na kutazama kwa macho, au hugunduliwa kwa kipimo cha virusi vya HPV. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU ni kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Mwanamke aliyetoka kupigwa CT ya mwili mzima akaambiwa yuko salama, akaacha kwenda kupima mlango wa kizazi, amepunguziwa usalama.

Tezi dume huanza kwa mazungumzo na daktari na kipimo cha damu cha PSA. Umio, ambao saratani yake imeenea sana katika ukanda wa Bonde la Ufa, huchunguzwa kwa kamera ya kumezwa. Mwenye homa ya ini B iliyomfikisha kwenye kusinyaa kwa ini anahitaji ultrasaundi kila miezi 6. Kwa utumbo mpana ipo CT maalumu, lakini humtaka mtu asafishe tumbo kama anayekwenda kwenye kamera, na ikionekana kitu kamera inabaki palepale. Kipimo cha kinyesi cha kutafuta damu isiyoonekana ni rahisi zaidi kuanzia.

Kifurushi cha mwili mzima

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inasema wazi kwamba haijui ushahidi wowote wa kisayansi unaoonyesha kwamba CT ya mwili mzima kwa mtu asiye na dalili ina faida kuliko madhara. Uingereza, kamati inayoishauri serikali kuhusu mionzi na afya, COMARE, ilipendekeza mwaka 2007 vituo viache kabisa kuitoa huduma hiyo. Sababu zao ni mbili, na mionzi ni moja tu kati yake.

Nyingine ni yale yanayokutwa. Mwili wa mtu aliyevuka miaka 50 una historia ndani yake: sisti za figo, mishipa iliyojikunja kwenye ini, kinundu juu ya figo, kovu la pafu. Mengi ya hayo mtu huzaliwa nayo au huzeeka nayo na kuzikwa nayo bila kujua. CT huyaonyesha yote kwa pamoja, na likishaandikwa kwenye ripoti halifutiki. Kinafuata kipimo cha pili chenye kontrasti, kisha MRI, kisha daktari bingwa wa mji mwingine, kisha pengine sindano au upasuaji. Gharama iliyotangazwa kwenye bango ni ya hatua ya kwanza tu. Nimewaona wazee waliouza ng'ombe kufuatilia sisti ya figo ambayo daktari bingwa, alipofikiwa hatimaye, aliitazama kwa dakika moja na kusema waiache. Miezi ile ya kukosa usingizi hakuna anayeirudisha.

MRI ya mwili mzima haina mionzi, lakini kwa mambo ya kukutwa haitofautiani.

Mionzi, bila hofu na bila kupuuza

Kila binadamu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani. CT ya mapafu ya dozi ndogo ni takriban milisivati 1.5. CT ya kawaida ya kifua ni kama 7, ya tumbo na nyonga ni 8 hadi 10, na ya mwili mzima inaweza kuvuka hapo. Kwa makadirio ya mamlaka ileile ya Marekani, dozi ya milisivati 10 huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa takriban mtu 1 kati ya 2,000. Kwa mgonjwa anayehitaji jibu hiyo ni hatari ndogo sana. Kwa mtu ambaye faida yake haijulikani, hata ndogo haina malipo.

Kinacholeta uzito ni kurudia. David Brenner na Carl Elliston wa Chuo Kikuu cha Columbia walikokotoa mwaka 2004 kwamba mtu anayepigwa CT ya mwili mzima kila mwaka tangu miaka 45 hadi 75 anajiongezea hatari ya kufa kwa saratani ya takriban 1 kati ya 50. Hiyo ndiyo sababu neno "kila mwaka" kwenye kifurushi linanitisha kuliko neno "mwili mzima".

Picha ikimalizika hakuna mionzi inayobaki mwilini. Unaweza kumbeba mtoto, kunyonyesha, kulala na mwenzi wako jioni ileile. Mjamzito au anayeshuku ujauzito aseme kabla. Watoto na vijana wasio na dalili wasipelekwe kabisa; miili yao huathirika zaidi na wana miaka mingi mbele ya madhara kujitokeza.

Ukiamua kwenda

Anza kwa daktari, usianze kwa mapokezi ya kituo cha picha. Mwambie umri wako, hesabu yako ya sigara, magonjwa ya ukoo, kisha umwulize maswali mawili: jibu likiwa baya tutafanya nini, na likiwa zuri tutafanya nini? Kama majibu ya maswali hayo mawili yanafanana, kipimo hakina kazi. Kwa mfano, mzee wa miaka 83 mwenye moyo dhaifu ambaye hawezi kustahimili upasuaji wa pafu hana faida na CT ya kutafuta kinundu cha pafu.

Kituoni, uliza kama wana utaratibu wa dozi ndogo kwa mapafu na kama daktari bingwa wa radiolojia ndiye atakayesoma. Akisomea mji mwingine kwa mtandao si tatizo. Asiposoma kabisa ndilo tatizo. Kwa alama ya kalsiamu, uliza kama mashine inapiga picha kwa kufuata mapigo ya moyo, maana bila hivyo namba haiaminiki. Siku hiyo usinywe kahawa wala kuvuta.

Kwa mapafu na kwa kalsiamu huhitaji sindano ya kontrasti. Ukiambiwa utachomwa, uliza kwa nini. Kipimo kingine kikihitaji sindano hiyo, figo zako zipimwe kwanza kwa damu, nawe useme kama una pumu, kama uliwahi kudhurika na dawa ya picha, na kama unatumia metformini.

Kama una mafua makali au unatoka kwenye nimonia, ahirisha wiki kadhaa. Maambukizi huacha mawingu kwenye pafu yatakayokupeleka kwenye safari isiyo yako.

Baada ya picha, omba ripoti ya dozi. Mashine huitoa yenyewe, na humo kuna herufi DLP na namba mbele yake. Kwa picha ya kifua, zidisha namba hiyo kwa 0.014 upate milisivati za kukadiria. DLP ya 100 ni takriban 1.4. DLP ya 500 ni 7, na hiyo si dozi ndogo hata kama risiti imeandika hivyo.

Uliza na bima mapema. Swali la maana zaidi ni kama italipia vipimo vinavyofuata endapo kitaonekana kitu. Picha ya kwanza ni sehemu ndogo ya gharama.

Ripoti ikishatoka

Soma ukubwa kabla ya jina. Kinundu cha pafu kilicho chini ya milimita 6 kina uwezekano mdogo sana wa kuwa saratani. Kwa aliye katika mpango wa kupimwa kila mwaka, kawaida hurudi tu mwaka unaofuata kama ilivyopangwa. Kwa mwenye hatari ndogo kilichokutwa kwa bahati, miongozo ya kimataifa haitaki hata ufuatiliaji. Kikubwa kuliko hapo hufuatiliwa kwa picha nyingine baada ya miezi kadhaa, na wachache hufika kwenye sindano. Sisti sahili ya figo haihitaji kitu. Kinundu cha tezi iliyo juu ya figo kinastahili vipimo vya homoni kabla ya neno upasuaji kutajwa. Ukiambiwa ufanyiwe upasuaji wa jambo lililokutwa ukiwa mzima, nenda kwa daktari wa pili. Una muda, mambo ya aina hii kwa kawaida hayadai wiki ile.

Omba CD yenye picha zote, si karatasi ya ripoti pekee wala filamu iliyopigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida huhesabiwa kuwa si saratani, na njia pekee ya kujua kama kimebadilika ni kukiweka kando ya picha ya zamani. Nakili CD hiyo kwenye kompyuta ya mtu wa nyumbani, maana CD hukwaruzika. Andika mahali tarehe ya kurudi, na umwonyeshe mtu mmoja wa familia, kwa sababu kituo hakitakupigia simu. Siku hiyo ikifika, nenda kituo kilekile ikiwezekana, kwa dozi ndogo ileile, na CD ya kwanza uikabidhi mapokezi kabla hujapanda kitandani, ili anayesoma aanze kwa kulinganisha.